Chipu Zilizonyolewa Jumapili

Usinihukumu kabla sijamaliza. Wewe hujawahi kufanya kazi River Road, ghorofa ya pili, kwenye korido yenye milango saba ya mafundi na wote wanataka kujua kuna nini ndani ya kisanduku chako. Miaka ishirini nimekaa pale. Nimeibiwa wazo la taa ya dharura, nimeibiwa wazo la kengele ya geti, na huyo aliyeniibia la kengele alikuja kuniazima bisibisi ya kuifungia. Aki ya nani, bisibisi yangu mwenyewe! Sasa ukiniambia mimi ni mtu wa kushuku, nitakuambia ndiyo, ulitaka niwe nani?

Naitwa Wanjugu, lakini pale wote wananiita Mama Shiku. Mwenzangu wa kazi alikuwa Nashon Were, mtu wa Busia, mrefu, mpole, sauti yake ya chini hata akikanyagwa kidole. Tulikaa meza moja miaka tisa. Mimi nilikuwa wa solda, nyaya, masanduku na kugombana na wateja. Yeye alikuwa wa akili ya mtambo. Tulitengeneza vidhibiti vya pampu, visanduku vidogo vya ukutani. Unajua vile maji ya Kilimani huja mara mbili kwa wiki: yanajaza tangi la chini, halafu lazima mtu awashe pampu yapande hadi tangi la paani. Mlinzi akisahau, ama pampu inaungua ama maji yanamwagika kutoka paani mpaka kwa magari ya wapangaji. Kisanduku chetu kilikuwa kinayaangalia matangi yote mawili na kuamua chenyewe. Na kilichokuwa kinaamua ni chipu moja nyeusi ya miguu kumi na minane, ambayo ndani yake Nashon ameandika programu. Hiyo programu mimi sijui hata mstari mmoja.

Kwa hivyo elewa hofu yangu ilikuwa wapi. Nashon akiondoka leo, kesho mimi ni mama wa kutengeneza redio, na hiyo ilikuwa 2005, redio zenyewe watu walikuwa wanazitupa na kununua nyingine. Duka langu lote lilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja mpole. Nilikuwa naamka asubuhi nikiwaza hilo kabla sijawaza chai.

Kuna jambo moja mafundi wa pale hufanya ambalo wateja hawalijui. Tunaliita kunyoa. Chipu hutoka kiwandani ikiwa imeandikwa jina na namba mgongoni. Ukiiacha hivyo, fundi jirani atanunua kisanduku chako kimoja, atakifungua, atasoma namba, na mwezi ujao atakuwa anauza chake. Kwa hivyo unachukua msasa laini na kuusugua mgongo wa chipu mpaka ubaki upara. Lakini kunyoa kuna utaratibu wake. Kunafanywa mwisho kabisa, chipu ikishaandikwa programu na kujaribiwa, kabla tu ya kisanduku kufungwa. Mimi na Nashon tulikuwa tukinyoa pamoja Ijumaa jioni, tukipiga stori za watoto wetu, vumbi jeusi limejaa kwenye vidole. Tulikuwa tunanyoa ili watu wa nje wasisome.

Miaka yote hiyo chipu zetu ziliandikwa na mwalimu mmoja wa chuo huko Westlands, kwa mashine yake, siku akijisikia. Mwaka huo akahamia Kanada. Tukaamua tuwe na bodi yetu wenyewe ya kuandikia chipu. Kakangu anayefanya kazi Dubai akatuletea moja akija likizo, imefungwa kwenye soksi ndani ya sanduku lake. Kompyuta tulipata ya mtumba, kutoka ofisi fulani ya Kilimani iliyokuwa ikibadilisha mashine zake. Na papo hapo tukapata kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata: visanduku ishirini, vya nyumba tatu za ghorofa kule Kilimani, vyote viwe ukutani kufikia Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nilipaswa kufurahi.

Basi Jumamosi moja kabla hatujafungua hata hiyo bodi, akapanda ngazi Peres. Peres alikuwa na mashine ya kuchapisha kadi za harusi pale chini, na alikuwa akiona kila anayeingia na kutoka.

"Mama Shiku, sasa," akasema, akajiegemeza mlangoni. "Mimi sipendi kuingilia mambo ya watu."

Mtu akianza hivyo, ujue ameshaingia mpaka jikoni.

"Lakini Nashon wako nimemwona na Waithaka. Na si mara moja. Mara tatu, pale kwa hoteli ya kona, wanakunywa chai. Waithaka anaongea, Nashon anasikiza."

Waithaka alikuwa na duka kubwa la kioo ng'ambo ya barabara, lenye vidhibiti vya kila aina kutoka nje ya nchi isipokuwa cha kufanana na chetu. Ni mtu wa kwetu kabisa, wa Githunguri, mamake na mamangu walivuna kahawa pamoja, na bado nisingemwachia hata betri ya saa.

"Labda wanaongea tu," nikasema.

"Labda," Peres akasema. "Chai ni chai." Akashuka ngazi.

Mtu mwenye akili timamu angemuuliza Nashon siku hiyo hiyo. Nashon, ulikuwa unaongea nini na Waithaka? Maneno machache tu. Mimi nilinyamaza, na wanaonijua wanasema heri Wanjugu akipiga kelele. Nilishuka barabara ya Luthuli kununua chipu, kichwa kinanichemka. Yule muuzaji niliyemzoea akaniwekea chipu ishirini na tano kwenye karatasi, akaniambia jambo nikiwa nimeshageuka, nikamjibu, "Sawa, sawa," hata sikusikia ni nini.

Jumapili nikitoka kanisani nilikaa nyuma ya nyumba tunayopanga kule Muthangari, kwenye kigoda, sinia mapajani, msasa mkononi. Nikazinyoa zote. Shiku, binti yangu, akanipita mara mbili akaniuliza, "Mum, kwani hiyo si kazi ya Ijumaa?" Nikamwambia aende akaangalie sufuria. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Chipu zenye upara ni zangu. Chipu yoyote yenye maandishi ikionekana juu ya meza yetu, basi kuna mtu ameibadilisha, ya kwangu ameitia mfukoni imeenda ng'ambo ya barabara ikiwa na programu ndani. Niliona nina akili nyingi sana. Sikuvaa hata miwani, kwani nilikuwa nasoma nini? Zile chipu nimezinunua miaka saba, sura yake naijua.

Jumatatu asubuhi Nashon alikuja na shati safi kama anayeenda kubatiza mtoto. Aliifungua ile bodi polepole, akaiweka juu ya gazeti. Bodi yenyewe ilikuwa ndogo, ya kijani, na katikati ina soketi yenye mkono mdogo wa chuma: unauinua mkono, unaweka chipu, unaushusha, chipu inabanwa. Upande mmoja kuna mahali pa kebo ya kompyuta, upande mwingine pa adapta ya umeme. Alichomeka kebo nyuma ya kompyuta, akabana skrubu zake mbili kwa vidole. Akachomeka adapta. Taa ya kijani ikawaka.

"Mama Shiku, ona!" Meno yote nje. "Imewaka."

Nami nilifurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Halafu akaniomba chipu, nikampa, akaigeuzageuza.

"Mbona zina upara tayari?"

"Nimeokoa muda. Si tutazinyoa tu?"

Alinitazama kidogo. "Sawa. Lakini ni zile zile?"

"Kwani nimekuletea njugu?"

Akacheka. Akaingiza sidii, programu ya bodi ikajipanga kwenye kompyuta, ikauliza kebo iko tundu gani, akajibu la kwanza. Ikafungua orodha ndefu ya majina ya chipu, akachagua jina letu la siku zote. Akaweka chipu kwenye soketi, akashusha mkono, akabofya. Mstari wa buluu ukaanza kutembea kwenye skrini, ukafika mwisho, na kompyuta ikaanza kukagua ilichoandika. Hapo ikatokea alama nyekundu. Yaliyomo kwenye chipu hayalingani na yaliyotumwa.

"Haiya," Nashon akasema.

Akajaribu tena. Nyekundu. Chipu ya pili, nyekundu. Ya tatu, nyekundu. Nyingine hakuzigusa, akiogopa kuziharibu, akawa anarudia hizo tatu. Akahamisha kebo hadi tundu la pili nyuma ya kompyuta, akairekebisha programu ijue, nyekundu tena. Akachukua mita akapima umeme kwenye mguu wa nne wa soketi, akakuta volti kumi na tatu kamili kama inavyotakiwa. Akazima kila kitu, akawasha upya. Nyekundu, jamani, nyekundu mpaka saa kumi jioni.

Na mimi nimekaa hapo na chuma changu cha solda, najifanya nashughulika na nyaya, kumbe ninamkodolea macho. Kila alichofanya nilikiona na tafsiri yake. Aligeuza skrini kidogo, nikasema anaificha, kumbe ni jua la dirishani. Aliandika kitu kwenye daftari lake, nikasema anamnakilia Waithaka. Simu yake ikalia mara moja ikakata, akainuka akatoka koridoni kupiga, akaongea Kiluhya kwa sauti ya chini. Nikajiambia, hee, flashi hiyo ni ya nani? Na kwa nini mtambo unafanya kazi kila kitu isipokuwa kile tu tunachokihitaji? Anajua kuiwasha taa, anajua kupima volti, halafu kuandika chipu ndiyo hajui? Mtu huyu anataka tushindwe. Tukishindwa, nyumba zile za Kilimani zitatafuta mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ana duka la kioo. Nilikuwa nimemaliza kesi, nimeshamhukumu, nasubiri tu kumsomea hukumu.

Jumanne ikawa vile vile. Alikuja mapema kuliko mimi, na hilo pia nikaliweka kwenye kesi. Alikuwa amefupisha kebo kwa sababu alisema ndefu huleta shida, akasolda mwenyewe, kazi safi kabisa. Nyekundu.

"Mama Shiku," akasema karibu saa sita, macho yamemwiva, "una hakika yule jamaa wa Luthuli hakukuuzia mbovu?"

"Sasa ni mimi?" Nikainuka. "Siku mbili unachezea bodi, na kosa ni langu?"

"Sijasema kosa ni lako."

"Umesema chipu ni mbovu. Chipu nimenunua mimi."

Nashon hakuwa mtu wa kujibizana. Alichukua koti lake, akasema anaenda kuona jambo fulani na atarudi. Jambo fulani! Nilihesabu mpaka ishirini, nikamfuata.

Sikufika mbali. Kutoka mlango wa jengo letu ng'ambo inaonekana vizuri. Peres alikuwa amesimama kando ya mashine yake, akanyoosha kidevu tu kuelekea kule. Nikamwona Nashon anaingia kwa Waithaka. Nikamwona kupitia kile kioo, ameinamisha kichwa, anaongea, na Waithaka amefunga mikono kifuani na tabasamu la mtu aliyeona kitu kitamu. Halafu Waithaka akaingia ndani, akarudi na kifurushi. Nashon akakitia chini ya koti. Wakashikana mikono. Waithaka akamgonga bega.

Damu ilinipanda. Nilipanda zile ngazi mbele yake, nikamsubiri katikati ya korido, na alipotokea nikaanza hata kabla hajafika. Sitayarudia yote niliyosema. Nilisema miaka tisa nimekula na nyoka. Nilisema kama alitaka kuniuza angeniambia nijipangie bei. Nilisema mambo ya watu wa kwao ambayo sikuwahi kuyasema maishani na ambayo Shiku angeyasikia angelia. Milango yote saba ilifunguka. Mafundi wote wametoa vichwa, na mmoja alikuwa bado ameshika chuma cha moto mkononi.

Nashon alisubiri nimalize. Halafu akanipita, akaingia dukani, akaweka kifurushi mezani, akakifungua. Ndani kulikuwa na bodi nyingine ya kuandikia chipu, kuukuu, pembe moja imeungua.

"Nimemwomba Waithaka aniazime," akasema. "Nijue shida iko kwa bodi yetu ama kwa chipu zako. Funga mlango, tafadhali."

Niliufunga. Sijui kwa nini nilitii, miguu tu ilienda. Aliichomoa bodi yetu, akaichomeka ile ya Waithaka, akasubiri kompyuta iitambue. Akachukua mojawapo ya zile chipu tatu zenye upara. Akabofya. Mstari wa buluu ukatembea mpaka mwisho.

Nyekundu.

Akaketi. Aliitazama ile chipu kwenye kiganja, akaipeleka karibu na dirisha, akaipindua, akairudisha. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Mama Shiku. Hizi chipu ulizinyoa wewe. Ziliandikwa nini?"

Woi. Ghafla nikamwona yule muuzaji wa Luthuli, nimempa mgongo, anaongea. Na sasa ndipo nikayasikia maneno yake, siku tatu baadaye: zile zako zimebaki chache, mama, nimekuongezea za aina mpya, miguu ni ile ile lakini mwambie fundi wako. Mwambie fundi wako. Nami nilikuwa nimekaa Jumapili yote na msasa nikifuta majina ambayo sikuyasoma.

"Sijui," nikasema.

"Hujui."

"Sikusoma. Amechanganya aina mbili. Aliniambia, sikusikiza."

Nashon alitikisa kichwa polepole, kama anayekubali hesabu iliyotoka. Akafungua tena ile orodha ya majina, akashuka mpaka jina lingine, la chipu mpya, akabofya. Kompyuta ikaandika, ikakagua, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ikatokea alama ya kijani. Hakuna aliyefurahi. Aliiweka ile chipu kando, akachukua ya pili, akaijaribu jina la kwanza, jina la pili, kijani, akaiweka na mwenzake. Ya tatu vile vile. Ya nane ikakubali jina la zamani. Alifanya hivyo kwa zote ishirini na tano, moja moja, mimi nimesimama. Zilikuwa kumi na nne mpya, kumi na moja za zamani.

"Kuna kitu sielewi," akasema alipomaliza, bila kunitazama. "Kunyoa ni kwa watu wa nje. Na ni mwisho. Ulizinyoa kabla hazijafika mezani. Nani alikuwa wa nje hapa?"

Ningeweza kusema uongo. Niliwahi kuwaza uongo mzuri kabisa, wa kuokoa muda, ule ule wa Jumatatu. Lakini korido nzima ilikuwa imenisikia.

"Peres alikuona na Waithaka," nikasema.

"Jina la ile chipu ninalo kichwani, Mama Shiku. Programu ninayo kichwani. Ningetaka kumpa Waithaka ningempa nikiwa nimekaa pale kwa chai, mikono mitupu. Ulikuwa unanificha nini?"

"Nashon, nilikosea."

"Miezi mitatu ananibembeleza. Ameniambia nitakuwa na ofisi yangu. Mara tatu nimemwambia hapana, niko na mtu wangu. Sikukuambia kwa sababu ningekuambia ungevuka barabara ukavunje kile kioo."

Ni kweli ningekivunja.

"Leo nimeenda kumwomba bodi," akasema. "Mtu niliyemkatalia mara tatu, nimeenda kumwinamia anisaidie, ili kazi yako isife. Nikarudi nikakutana na yale uliyoniambia pale nje."

Nilianza kulia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya mwanamume. Nilimwomba msamaha kwa jina la Mungu na la watoto. Nilimwambia nitatoka koridoni niwaambie wote kwamba mimi ni mjinga. Na nilitoka, haki ya Mungu, nilisimama katikati ya ile milango saba nikawaambia. Mmoja akacheka, wengine wakarudi kwa kazi zao. Niliporudi ndani Nashon alikuwa ameshaanza kubadilisha programu. Chipu zile mpya zilihitaji mistari kadhaa iandikwe upya ndipo zisome matangi vizuri.

Alifanya kazi Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Kijani, kijani, kijani. Nilisolda, nilifunga visanduku, tukapeana vifaa kwa adabu kama watu wasiojuana. "Tafadhali." "Asante." Nilimletea chai na mandazi, akala, akasema asante. Nikajiambia, imepita. Mtu akikasirika na bado anakula mandazi yako, hiyo itapita. Jumamosi tulienda Kilimani, tukafunga visanduku vyote ishirini, na mwenye nyumba alisimama chini ya tangi akasikiliza pampu ikijizima yenyewe, akapiga makofi. Nashon akamweleza kila kitu kwa upole. Hata akanisifu. Alisema, "Solda yote ni ya Mama Shiku."

Tukarudi River Road saa tisa hivi, jua bado kali. Nilikuwa na furaha ya woga, ile ya mtu ambaye homa inamtoka. Nikaketi kwenye kiti changu nikavua viatu. Yeye hakuketi. Alitoa mkoba wake chini ya meza akaanza kutia vitu vyake.

"Unaenda mapema leo," nikasema.

"Programu zote mbili ziko kwa kompyuta, ya zamani na ya mpya. Nimeziandikia maelezo kwa Kiswahili, kila mstari. Kebo usiibadilishe, iache hiyo fupi. Ukiweka chipu, alama ya nukta iangalie mkono wa chuma. Shiku ni mwerevu, atakusaidia."

"Nashon."

"Jumatatu naanza kwa Waithaka. Nilimkatalia mara tatu. Nikimrudishia bodi yake Jumanne ile, akaniuliza mara ya nne."

Nilimwambia asiende. Nilimwambia duka ni lake, aandike jina lake kwanza, mimi nitakuwa fundi wake. Nilimshika mkono wa shati. Alisimama akanisikiliza mpaka mwisho, vile alivyonisikiliza pale koridoni, kisha akautoa mkono wangu taratibu. Akauweka ule mkoba juu ya meza, mbele yangu, akaufungua zipu mpaka mwisho, akaupanua kwa mikono miwili.

"Angalia," akasema. "Nisije nikafika nyumbani ukakumbuka kitu."

Hakusema kwa hasira. Alisimama tu ameupanua, anasubiri. Na mimi, ambaye machozi yalikuwa bado mashavuni, mimi niliyekuwa nimetoka kumwambia duka ni lake, Mungu anisamehe, niliinama nikaangalia. Kulikuwa na sweta, mita yake, chuma chake cha solda, na gazeti la Jumatano lililokunjwa. Nikaliinua gazeti, nione chini yake.